Jinsi ya kupima muda wa sauti kufifia katika ukumbi wa mihadhara

Mwongozo huu nimeuandika baada ya kumsaidia mwanafunzi wa uzamili aliyepewa kazi ya kupima ukumbi wa mihadhara, akawa anapata jibu jipya kila aliporudia hesabu ileile. Katika vikundi vya utafiti wa akustika vyuoni, hiki huwa miongoni mwa vipimo vya awali anavyofundishwa mgeni: sauti ikikatwa ghafla, inachukua sekunde ngapi kushuka kwa desibeli 60? Muda huo ukiwa mrefu mno, mhadhiri hasikiki vizuri hata akipaza sauti, kwa kuwa silabi aliyoitamka huwa bado inazunguka kutani wakati inayofuata inapomtoka.

Asili ya kazi hii ni Chuo Kikuu cha Harvard, ambako mwaka 1895 Wallace Clement Sabine alitakiwa kurekebisha ukumbi wa mihadhara wa jumba la sanaa la Fogg, ambamo sauti ilidumu takriban sekunde tano na nusu. Alifanya vipimo usiku wa manane, mji ukiwa umetulia, akitumia bomba la kinanda na kuingiza humo mito ya viti kidogokidogo ili aone kila nyongeza inapunguza muda kwa kiasi gani. Kanuni aliyoipata ndiyo tunayoitumia hadi leo: T = 0.161 × V ÷ A, ambapo T ni muda wa sauti kufifia kwa sekunde, V ni ujazo wa ukumbi kwa mita za ujazo na A ni jumla ya ufyonzaji wa sauti kwa mita za mraba.

Hatua ya 1: Pima ukumbi wenyewe

Chukua tepu, pima urefu, upana na kimo, kisha tafuta ujazo. Mfano nitakaoutumia ni ukumbi wa mita 15 kwa 10 kwa 4, yaani mita za ujazo 600, ambao muda wake tunakisia kuwa sekunde 1.5.

Hatua ya 2: Andaa vifaa

Unahitaji spika inayotoa sauti pande zote kwa usawa (maabara nyingi hutumia ile yenye nyuso 12), maikrofoni ya kupimia isiyochagua upande, kadi ya sauti ya nje, na kompyuta. Programu ya bure ya Room EQ Wizard inatosha kwa mtu anayetaka jibu la haraka. Kwa utafiti, mimi hupendelea kuandika hesabu mwenyewe kwa lugha ya programu ya Python, kwa sababu kila uamuzi unabaki mbele ya macho yangu na mwenzangu anaweza kuukagua.

Mambo mawili siyakubali. La kwanza ni puto. Mlio wa puto linalopasuka haufanani na wa lililotangulia, hauendi pande zote kwa usawa, na katika masafa ya chini nguvu yake mara nyingi haitoshi. La pili ni kucheza sauti kwa kifaa kimoja na kurekodi kwa kingine, kwa mfano spika kwenye kadi ya kompyuta na maikrofoni ya USB inayojitegemea. Kila kifaa kina saa yake ya ndani, na tofauti ndogo kati ya saa hizo hutawanya nishati ya masafa ya juu wakati wa hesabu. Spika ya Bluetooth usiifikirie kabisa.

Hatua ya 3: Amua ukumbi uwe katika hali gani

Dirisha lililo wazi hufyonza sauti yote inayolifikia, kwa kuwa hakuna kinachorudi ndani. Sabine mwenyewe alilifanya kuwa kipimo cha msingi cha ufyonzaji. Kumbi zetu nyingi za Pwani hutumika madirisha yakiwa wazi na feni zikizunguka, kwa hiyo ukipima kila kitu kikiwa kimefungwa unapata ukumbi ambao hakuna mwanafunzi aliyewahi kukaa ndani yake. Ushauri wangu ni kupima hali zote mbili na kuziandika wazi. Feni, hata hivyo, zizimwe katika vipimo vyote, kwa sababu ambayo utaiona katika hatua ya sita.

Hatua ya 4: Chagua nafasi

Fuata ISO 3382-2, kiwango cha kimataifa cha kupima muda huu. Kwa usahihi wa kawaida wa kihandisi, tumia angalau nafasi mbili za spika na jumla ya michanganyiko sita ya spika na maikrofoni. Maikrofoni zitengane mita 2 au zaidi, zikae angalau mita 1 kutoka ukutani, na ziwe kwenye kimo cha masikio ya mtu aliyeketi, takriban mita 1.2. Umbali mdogo kabisa kati ya spika na maikrofoni ni 2 × √(V ÷ (c × T)), c ikiwa kasi ya sauti. Kwa ukumbi wetu inatoka mita 2.2 hivi.

Hatua ya 5: Rekodi

Cheza mlio unaopanda taratibu kutoka Hz 50 hadi 10,000, ukifuatiwa na kimya kirefu kuliko muda unaoutarajia. Njia hii, ambayo Angelo Farina aliifafanua mwaka 2000, ina faida kubwa: wakati wa hesabu, makosa yanayotokana na spika yenyewe hujitenga na kukaa kabla ya sauti ya moja kwa moja, hivyo unayakata na kuyatupa. Ukiongeza urefu wa mlio maradufu, unapata desibeli 3 zaidi juu ya kelele.

Hatua ya 6: Safisha mkia wa sauti

Hapa ndipo majibu ya yule mwanafunzi yalipokuwa yakibadilika, na hapa ndipo naomba usome polepole.

Baada ya kuuchakata mlio uliorekodiwa, unapata mwitikio wa ukumbi, yaani jinsi ambavyo ukumbi ungejibu kishindo kimoja kifupi. Mwaka 1965 Manfred Schroeder alionyesha kwamba ukijumlisha nishati ya mwitikio huo kuanzia mwisho kurudi mwanzo, unapata mstari laini unaoshuka, sawa na wastani wa vipimo vingi mno. Mteremko wa mstari huo ndio unaotupa muda tunaoutafuta. Tatizo ni kwamba mwisho wa rekodi hauna sauti ya ukumbi tena. Una kelele za gari la nje, jenereta na umeme wa kifaa chenyewe. Ukianza kujumlisha mbali sana, kelele inahesabiwa kama sehemu ya sauti, mstari unapinda na kulala, na muda unatoka mrefu kuliko ulivyo. Ukikata mapema mno, mstari unatumbukia ghafla mwishoni na muda unatoka mfupi. Rekodi ni ileile, ukumbi ni uleule, na jibu linategemea mahali ulipoweka mkasi.

Fanya hivi. Chuja mwitikio katika bendi za oktavi, yaani makundi ya masafa ambayo kila moja ni maradufu ya lililotangulia, kuanzia Hz 125 hadi 4000, na ushughulikie kila bendi peke yake, kwa sababu kelele hazilingani: jenereta na magari hujaza bendi ya Hz 125 huku ile ya Hz 2000 ikiwa safi. Chora kiwango cha sauti kwa desibeli dhidi ya muda. Tafuta kwa macho pale mteremko unapokutana na sakafu ya kelele, yaani kiwango cha kelele ambacho mstari haushuki tena chini yake, na ukate hapo. Kisha fidia nishati iliyokatwa kwa kuurefusha mteremko wa karibu na mkato. Mbinu ya Lundeby na wenzake ya mwaka 1995 hufanya yote mawili kwa kurudiarudia hadi jibu litulie. Programu nyingi hudai kufanya hivyo zenyewe, lakini mimi siandiki namba yoyote kabla sijauona mchoro wa bendi hiyo.

Kabla ya kukokotoa, hakikisha kuna nafasi ya kutosha juu ya kelele. T30 na T20 ni muda uleule wa kushuka desibeli 60, ila hukisiwa kutokana na mteremko wa desibeli 30 au 20 tu. T30 husomwa kutoka desibeli 5 hadi 35 chini ya kilele, na inahitaji sakafu ya kelele iwe angalau desibeli 45 chini yake. T20 husomwa kutoka desibeli 5 hadi 25, na inahitaji 35. Bendi isiyofikisha hapo usiilazimishe. Rudi ukumbini na mlio mrefu zaidi, au uende usiku.

Kisha linganisha T20 na T30. Kiwango cha ISO kinatumia 100 × (T30 ÷ T20 − 1). Jibu likizidi asilimia 10, mstari wako si mnyoofu, na kuna ama kelele ndani yake ama ukumbi wenye sehemu mbili zinazofifia kwa kasi tofauti, kama roshani ya nyuma. T30 ikiwa fupi kuliko T20 kwa wazi, shuku kwanza mkasi wako.

Kuna mitego miwili zaidi. Kompyuta nyingi huwasha zenyewe kipengele cha kupunguza kelele za maikrofoni, ambacho huutambua mkia wa sauti kuwa kelele na kuufuta; matokeo yake ni mstari mzuri, mnyoofu na wa uongo. Kizime katika mipangilio ya mfumo, pamoja na kile kinachojirekebishia ukubwa wa sauti. Mtego wa pili ni feni: hewa inayosogea hubadilisha njia ya sauti wakati mlio ukiendelea, na ukijumlisha rekodi kadhaa ili kushinda kelele, masafa ya juu hayalingani na hufutana. Mlio mmoja mrefu katika hewa tulivu ni bora kuliko wastani wa mifupi mingi.

Hatua ya 7: Ripoti

Andika wastani wa nafasi zote kwa kila bendi, hali ya madirisha, joto la hewa, na kama umetumia T20 au T30. Usitoe namba moja kwa ukumbi mzima.

Mwishoni, kadiria hali ya ukumbi ukiwa na watu. Katika mfano wetu, A = 0.161 × 600 ÷ 1.5, yaani mita za mraba 64.4. Mtu aliyeketi kwenye kiti cha mbao hufyonza takriban nusu mita ya mraba katika masafa ya kati, hivyo wanafunzi 60 huongeza 30 na muda hushuka hadi sekunde 1.0 hivi. Kiwango cha Marekani cha ANSI S12.60 kinataka madarasa yenye samani lakini yasiyo na watu yasizidi sekunde 0.7 hata yakifikia mita za ujazo 566. Ukumbi wetu umezidi ukubwa huo kidogo tu, lakini muda wake mtupu ni zaidi ya maradufu. Unahitaji dari inayofyonza sauti, na hesabu ya kiasi chake inaanza na namba ulizozipata katika hatua ya sita.