Kuunda gitaa la umeme kwa vipande vya asili tofauti

Ukiwa na shingo ya gitaa moja, kiwiliwili cha jingine na daraja (kipande kinachoshika nyuzi kwenye kiwiliwili) la gitaa la tatu, cha kujiuliza kwanza ni kama nyuzi zitapita mahali pake vikishafungwa pamoja. Freti (vyuma vyembamba vinavyokatisha ubao wa shingo) hupangwa kwa hesabu ya urefu mmoja tu wa uzi. Daraja likikaa sentimita moja nje ya hesabu hiyo, gitaa litatuniwa vizuri nyuzi zikiwa wazi, kisha kila noti itakayobonyezwa juu ya freti ya 5 itakuwa imepotoka. Rangi mbaya husuguliwa ikapakwa upya, na waya uliolehemiwa vibaya hufumuliwa kwa dakika chache, lakini kosa la hapa hudai kuziba mashimo na kutoboa upya. Ndiyo maana muda mwingi wa kazi hii huenda kwenye kupima, na si busara kununua kipande ambacho vipimo vyake hujavijua.

Vifaa: rula ya chuma ya sentimita 60 au zaidi, kalipa, drili yenye biti za milimita 1.5 hadi 6, bisibisi za nyota za ukubwa wa kati na mdogo, msasa, gundi ya mbao, klempu mbili, multimita na pasi ya kulehemu ya wati 40 hivi.

Skeli na chumba cha shingo

Skeli ni urefu wa uzi unaotetemeka, kuanzia kizingiti (kile kipande chembamba cha mfupa au plastiki chenye mifereji, karibu na kichwa cha gitaa) hadi tandiko la daraja (kipande kidogo ambacho uzi hulalia). Usiamini tangazo la muuzaji, pima mwenyewe. Anzia kwenye uso wa kizingiti unaotazama freti, pima hadi katikati ya freti ya 12, kisha zidisha mara mbili. Shingo za ukoo wa kampuni ya Fender hutoa milimita 324, yaani skeli ya 648. Za Gibson hukaribia 314, skeli ya 628. PRS hutumia sana 635.

Sasa tia shingo kwenye chumba chake upime kutoka freti ya 12 hadi pale tandiko la uzi wa kwanza (ule mwembamba kabisa) litakapokaa. Kipimo hiki lazima kilingane na kile cha kizingiti hadi freti ya 12. Kama kiwiliwili hakijatobolewa mashimo ya daraja, uamuzi ni wako. Kama kimeshatobolewa, angalia tandiko lina mwendo kiasi gani: pengo la milimita 2 au 3 kwa kawaida hufidiwa kwa skrubu za matandiko, la 10 halifidiki. Jihadhari sana na shingo ya freti 24 kwenye kiwiliwili kilichochongwa kwa freti 21 au 22. Skeli inaweza kuwa ileile 648, lakini kitako cha shingo kikawa kirefu zaidi na kuisukuma freti ya 12 mbali na daraja.

Chumba cha shingo cha Fender kina upana wa karibu milimita 56 na kina cha 16. Kitako cha shingo kina unene wa 25, hivyo uso wa ubao wa freti hubaki milimita 9 juu ya mbao ya kiwiliwili. Namba hiyo ya 9 ndiyo inayoamua daraja lipi litafaa. Madaraja ya Fender ni mafupi na hukubaliana nayo. Daraja la Tune-o-matic lilibuniwa kwa magitaa ya Gibson, ambayo shingo zake huinamia nyuma, na kwenye kiwiliwili bapa huwa refu mno: utalishusha hadi mwisho na nyuzi bado zitakuwa juu. Ukilitaka, ama shingo iinamishwe ama daraja lizamishwe ndani ya mbao.

Umbo nalo lina neno lake. Kitako cha Stratocaster (aina ya gitaa la Fender) kimeviringwa mwishoni, cha Telecaster (aina nyingine ya Fender) kimenyooka na kina kona. Shingo ya Stratocaster huingia kwenye chumba cha Telecaster ikiacha vipengo kwenye kona, jambo lisilodhuru. Kinyume chake hakiwezekani bila patasi.

Mpiga gitaa Eric Clapton aliliunda gitaa lake maarufu, Blackie, kwa kuchanganya sehemu za Stratocaster kadhaa. Zote zilikuwa za ukoo mmoja, kwa hiyo vipimo vilikubaliana. Eddie Van Halen alitia hambaka (pikapu, yaani kinasa mtetemo wa nyuzi, ya koili mbili) ya gitaa la Gibson ES-335 kwenye kiwiliwili cha umbo la Stratocaster, na hilo lilidai kuchonga mbao na kuikalisha pikapu mshazari. Kwa gitaa la kwanza tunashauri njia ya Clapton kwenye shingo na kiwiliwili. Uchanganyaji uufanye kwenye daraja, vikaza nyuzi na pikapu, ambako kosa haligharimu sana.

Mashimo madogo yanayosumbua

Vikaza nyuzi vya mtindo wa zamani huhitaji shimo la milimita 8.5 hadi 8.8, vya kisasa milimita 10. Kuweka vya zamani kwenye shimo kubwa ni rahisi, kwani kuna bushi za kupunguzia. Kupanua shimo dogo ni kazi ya riima (kifaa cha kupanulia mashimo) iliyochongoka, izungushwe kwa mkono kutoka pande zote mbili za kichwa. Biti ya drili hudaka ukingo wa shimo na kupasua mbao.

Tremolo (daraja lenye mkono wa kutikisa nyuzi) ya skrubu sita ina vipimo viwili vinavyofanana kwa macho. Kutoka skrubu ya kwanza hadi ya sita ni milimita 56.4 kwa zile za Marekani za mtindo wa zamani, na karibu 52.4 kwa nyingi za viwanda vya Asia. Haziingiliani. Pima katikati ya shimo hadi katikati ya shimo, ukaombe kipimo hicho kwa muuzaji kabla ya kulipa.

Kila shimo la zamani lililo karibu na jipya lizibwe kwanza. Biti ikikuta shimo la jirani huteleza kuelekea huko, na shimo jipya hutoka pembeni. Lipanue hadi milimita 6, ligongee kijiti cha mbao ngumu chenye gundi, liache saa 24, kisha likate lilingane na uso. Vijiti vya meno vilivyochovywa gundi vinatosha kwa skrubu ndogo za kibao cha mbele, lakini visitumike kwenye shingo.

Kufunga shingo

Chumba kikibana, usigonge, kwa sababu rangi hupasuka kwenye kona. Mara nyingi kinachobana ni rangi yenyewe iliyorundikana ndani, na msasa wa 180 uliozungushiwa kibao kidogo unaitoa. Kikilegea kwa nusu milimita, gitaa halitaathirika: kinachoshika shingo ni skrubu nne zinazoivuta chini. Pengo kubwa zaidi liwekewe utepe mwembamba wa mbao, ugandishwe kwenye ukuta wa chumba.

Mashimo ya kwenye kiwiliwili yawe mapana kuliko skrubu. Kwa skrubu ya kawaida ya milimita 4.2 kwa 45, toboa 4.5 au 5 ili ipite bila kushika. Meno yake yakiuma mbao ya kiwiliwili pia, shingo haitavutwa chini hata ukaze vipi. Itabaki na upenyo usioonekana, na upenyo huo huifanya ichezecheze na kutoka kwenye tuni.

Kabla ya kutoboa shingo, tafuta mstari. Shika shingo kwa klempu, shika daraja kwa tepu ya karatasi mahali pake, kisha vuta nyuzi mbili za pembeni kutoka kwenye vikaza hadi darajani, zikazwe kidogo tu zinyooke. Tazama kwenye freti ya mwisho: uzi wa kwanza na wa sita uwe kila mmoja na nafasi ileile hadi ukingo wa ubao, milimita 3 hivi. Sogeza shingo au daraja hadi ikae sawa. Kisha pitisha biti ya 4.5 kwenye mashimo ya kiwiliwili na uiguse shingo ili iache alama tu.

Toa shingo, toboa kwa biti ya milimita 3 hadi 3.2. Kwa mbao ya mepo tumia 3.2, maana ni ngumu na skrubu inaweza kukatika ndani. Kina cha shimo kifanyie hesabu: unene wa kiwiliwili 45, toa 16 za chumba, ongeza 2 za bamba la nyuma, inabaki 31. Skrubu ya 45 itaingia shingoni milimita 14. Kwenye kiwiliwili chembamba cha 38, skrubu hiyohiyo itaingia 21, na hapo itakuwa imefika kwenye ubao wa freti. Zungushia biti tepu kwenye kina unachotaka, na paka skrubu nta ya mshumaa. Sabuni huvuta unyevu ikaleta kutu.

Daraja hufungwa mwisho. Sogeza tandiko la uzi wa kwanza mbele karibu na mwisho wake, liache milimita 2 tu za ziada, kisha liweke milimita 648 kutoka kizingiti (au skeli yako). Nyuzi zote nyingine zitahitaji kurudi nyuma, ule wa sita kwa milimita 3 hadi 5, na sasa zina nafasi ya kurudi. Kabla ya kukaza skrubu, pitisha chini ya daraja waya uliomenywa nchani utakaokwenda kwenye ethi (upande wa ardhi wa umeme wa gitaa). Ukiusahau, gitaa litavuma, na hata ukigusa nyuzi halitanyamaza.

Pikapu zinazogombana

Hapa ndipo vipande vya viwanda tofauti huficha tatizo. Kila pikapu peke yake inaweza kulia vizuri, kisha ukiziwasha mbili pamoja sauti ikawa nyembamba, ya puani, isiyo na besi. Mawimbi yao yanapingana. Gundua hili kabla ya kulehemu chochote. Weka multimita kwenye kiloomu 20, shika waya mbili za pikapu (koili moja husoma karibu 5.5 hadi 7, hambaka 7 na kuendelea), kisha gusa vigingi vyake (vile vya chuma vilivyo chini ya nyuzi) kwa bisibisi ya chuma na uiondoe ghafla. Namba itaruka juu au chini kwa muda mfupi. Fanya vivyo hivyo kwa pikapu ya pili, waya wa joto (ule unaobeba sauti) ukiwa kwenye ncha ileile ya mita. Zikienda pande tofauti, geuza waya za moja.

Kugeuza kuna sharti. Waya unaoshika kifuniko cha chuma au bamba la chini lazima ubaki kwenye ethi; ukiugeuza, kifuniko kitakuwa antena ya mvumo. Hambaka ya waya nne ina waya mtupu wa ziada kwa kazi hiyo, basi ndiyo ya kugeuza. Ile yenye kamba moja iliyosukwa kwa chuma iache, ugeuze mwenzake.

Poti (vidhibiti vya kuzungusha) za volumu na toni: kiloomu 250 kwa koili moja, 500 kwa hambaka. Kapasita ya toni ni mikrofaradi 0.047 kwa zile za kwanza na 0.022 kwa za pili. Gitaa lenye aina zote mbili lipewe poti ya 500, na koili moja iunganishwe, kupitia swichi, na rezista ya kiloomu 470 kwenda ethi. Poti na rezista zikiwa sambamba hutoa karibu 242, na ukali wa koili moja hutulia. Kabla ya kununua vifundo vya kuzungushia, hesabu meno ya shina la poti: za inchi zina 24, za metriki 18. Mashimo ya kufungia poti nayo hutofautiana, milimita 9.5 dhidi ya 7 au 8.

Mgongo wa poti hauchukui risasi ya kulehemu mpaka ukwaruzwe kwa msasa na upate joto la kutosha. Gusisha pasi kwa sekunde chache, risasi iyeyuke kwenye chuma chenyewe. Ikikaa kama tone la mviringo lisilotambaa, haijashika. Ukimaliza, pima kutoka darajani hadi mkono wa ethi wa tundu la waya wa amplifaya. Mita isome karibu na sifuri.

Kurekebisha

Tia nyuzi, tuni, na uache gitaa usiku mmoja. Nyuzi za 10 hadi 46 (unene kwa elfu za inchi) kwenye skeli ya 648 huvuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 46, nayo huchukua muda kutulia.

Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya mwisho, utazame nafasi juu ya freti ya 7: milimita 0.2 hivi. Ikizidi, kaza fimbo ya ndani ya shingo kwa kuizungusha kulia, robo mzunguko, kisha tuni upya na upime tena. Halafu kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12: milimita 1.6 kwa uzi wa kwanza, 2 kwa wa sita. Matandiko yakiwa yamefika chini na nyuzi bado ziko juu, toa shingo uweke kibao chembamba cha nusu milimita mwisho wa chumba, upande wa daraja. Nusu milimita hiyo huinamisha shingo kiasi kwamba matandiko huhitaji kupandishwa karibu milimita 1.5. Kama matandiko yako juu mno, kibao kiende upande wa kichwa.

Kizingiti kilichotoka gitaa jingine kichunguzwe kwa kubonyeza kila uzi kwenye freti ya 3. Juu ya freti ya kwanza ibaki nafasi ya unene wa karatasi. Ikiwa kubwa, noti za freti za mwanzo zitakuwa kali daima, na hakuna tandiko litakaloziponya. Teremsha mfereji kwa faili nyembamba.

Mwisho linganisha noti ya freti ya 12 na sauti ya uzi uliogusishwa hapohapo bila kubonyezwa. Noti ikiwa juu, rudisha tandiko nyuma. Ikiwa chini, lisogeze mbele. Pikapu zikae milimita 2 hadi 3 chini ya nyuzi zikiwa zimebonyezwa kwenye freti ya mwisho, koili moja zenye sumaku kali chini zaidi, la sivyo zitavuta nyuzi na kuharibu ulinganifu ulioutafuta. Rudia kukaza skrubu nne za shingo baada ya wiki, ukilegeza nyuzi kwanza.