Somo: Vitafunio vya Kutisha Visivyohitaji Jiko, kwa Mkesha wa Oktoba 31

Kila ifikapo mwisho wa Oktoba, nyumba za wageni hapa Malindi huanza kuulizia vyakula vya Halloween, yaani mkesha wa Siku ya Watakatifu Wote unaoangukia tarehe 31. Desturi hiyo si ya kwetu. Ilikuzwa Ireland na Scotland, ambako watu walichonga nyuso za kutisha kwenye tanipu, mzizi wa mviringo unaoliwa kama bitiruti, kisha wahamiaji wakavuka nayo hadi Marekani na huko boga likachukua nafasi ya tanipu. Wageni wetu wengi ni Waitaliano, ambao kwao Novemba mosi ni sikukuu ya taifa, kwa hiyo hawana haraka ya kulala, na sinia likiisha huulizia jingine.

Nimepika katika nyumba hizo kwa miaka kadhaa, na siku hizi sinia la mkesha huo naliandaa bila kuwasha moto hata mara moja, kwa sababu jikoni huwa na joto la kutosha bila moto, na stima nayo hupotea saa ambayo mtu anaihitaji zaidi. Kazi yote hupangwa kwa saa: kinachovumilia hutangulia, kisichovumilia husubiri mpaka wageni wamekaribia mlangoni. Vipimo ninavyotoa hapa vinatosha watu 20.

Hatua ya kwanza: macho (usiku wa kuamkia sherehe)

Chukua kilo moja ya yogati nzito isiyo na sukari, uichanganye na nusu kijiko cha chai cha chumvi, kisha uimimine katika kitambaa safi cha melimeli. Funga pembe za kitambaa, ukining'inize juu ya bakuli ndani ya friji, ukiache usiku kucha. Asubuhi utakuta maji yamejaa bakulini, na ndani ya kitambaa imebaki karibu nusu ya uzito ulioanza nao, laini kama jibini changa. Usiyamwage maji hayo, kwani yanafaa kukandia unga wa chapati siku ya pili.

Paka viganja mafuta kidogo, uviringe vidonge 20 vya ukubwa wa ndimu ndogo. Jicho lenyewe hupatikana kwa zeituni za kijani zilizojazwa pilipili nyekundu, ambazo zinauzwa katika maduka ya Barabara ya Lamu: ikate zeituni kwa upana, na utapata duara la kijani lenye kiini chekundu katikati. Libandike juu ya kidonge, ulididimize kidogo. Mishipa ya damu tutaichora jioni, kwa maana ukiichora sasa rangi itasambaa na macho yote yataonekana kama yana ugonjwa wa macho mekundu.

Hatua ya pili: vidole na damu yake (asubuhi)

Tafuta karoti 20 nyembamba, zile ambazo muuzaji sokoni huziweka pembeni kwa kuwa hazina umbo zuri. Kidole cha zimwi hakitakiwi kunyooka. Zimenye, kisha kwa ncha ya kisu uchanje mistari mitatu myembamba mahali pa kila kifundo. Kwenye ncha, kata kibapa kidogo cha mshazari, upake yogati iliyochujwa, ubandike nusu ya lozi iliyopasuliwa kwa urefu. Hiyo ndiyo kucha. Zisimamishe karoti katika maji baridi ya kunywa ndani ya friji, maji yasifike kwenye kucha, nazo zitabaki ngumu mpaka usiku.

Damu hutengenezwa kwa nyanya mbivu sita, punje mbili za kitunguu saumu, pilipili moja mbichi, chumvi na maji ya ndimu mbili, vyote vikisagwa pamoja na kuchujwa. Nyanya peke yake hutoa rangi ya waridi isiyomtisha mtu, kwa hiyo kwaruza kiazi kimoja cha bitiruti kibichi, ukikamue, utie maji yake humo. Bakiza vijiko viwili vya maji hayo ya bitiruti kwa ajili ya macho. Nimeona watu wakimwaga nusu chupa ya rangi ya dukani kutafuta wekundu huo, na sikubaliani nao: midomo ya wageni hubaki myekundu mpaka asubuhi na mchuzi hauna ladha iliyoongezeka.

Hatua ya tatu: ubongo (adhuhuri)

Hiki ndicho kitu ambacho watu husimama kukitazama, nami naomba mkipe muda wake. Chagua tikiti maji la kilo nne hivi, la mviringo kuliko refu, lenye ganda nene. Kata kipande chembamba chini ili likae bila kuyumba. Kisha limenye ganda la kijani tu, kwa kimenyeo au kisu chepesi, ukienda polepole mpaka tikiti lote libaki jeupe, na pale ambapo ukijani umesalia upitie tena. Ukizama sana wekundu utatokeza mapema na utakuwa umepoteza mchezo.

Sasa shika kijiti cha meno, uchore mstari mmoja wa katikati kutoka mbele hadi nyuma, kwa sababu ubongo una pande mbili. Kila upande uchore mistari inayojipinda na kurudiana, kama njia za mchwa kwenye mlango wa zamani. Isiwe sawa pande zote mbili. Kwa kisu kidogo chenye makali, fuata kila mstari kwa mikato miwili inayokutana chini, ukitoa utepe mwembamba wa weupe. Ndani ya mfereji huo utaona wekundu wa tikiti ukitokeza, kwanza kama waridi, kisha kama nyama, na hapo mtu anayepita jikoni atasita bila wewe kumwambia chochote. Lifunike kwa karatasi ya plastiki na uliweke kwenye baridi.

Hatua ya nne: buibui (alasiri)

Lugha yetu imetupa hapa utani wa bure, maana buibui ni mdudu na ni vazi, na hakuna mwaka ambao sijaulizwa kama sinia hili limevaa buibui ama limebeba buibui. Toa kokwa katika tende laini 20, ujaze korosho moja moja mahali pa kokwa, uzifunge kwa kuzibana. Miguu ni vijiti vyembamba vya nazi iliyokomaa, vikiachwa na ngozi yake ya kahawia upande mmoja. Tumia kijiti cha meno kutoboa matundu manne kila ubavu, ndipo uchomeke. Miguu iwe minane, kwa maana watoto watahesabu. Tende na nazi vinapatana vizuri kiasi kwamba sahani hii huisha kabla ya zote.

Kwa korosho zilizobaki, paka siagi ya karanga kati ya vipande viwili vya tofaa na uchomeke korosho mbili kama chonge. Umbo lake tayari limepinda, hivyo hakuna cha kuchonga.

Hatua ya tano: mizimu (nusu saa kabla ya wageni)

Mwaka mmoja nilitengeneza mizimu ya ndizi saa nne asubuhi, nikajipongeza kwa kuwahi. Jioni nilipofungua friji nilikuta safu ya vizee vyeusi vilivyolegea, na mwenye nyumba akaniuliza kwa upole kama hao ndio mababu wa mizimu. Ndizi ikikatwa hukutana na hewa na kubadilika rangi. Asidi ya ndimu huichelewesha tu. Basi, kata ndizi 10 katikati, uzisimamishe kwa upande uliokatwa, uzipake maji ya ndimu kwa brashi pande zote, ubandike vipande vidogo vya tende kuwa macho na kinywa kilichoachama.

Wakati huohuo, chovya kijiti katika maji ya bitiruti uliyobakiza na uchore mishipa kwenye macho. Panga sinia. Vyakula vyenye yogati na matunda yaliyokatwa visikae nje ya baridi zaidi ya saa mbili, na ikiwa joto la chumba limepita nyuzi 32, iwe saa moja. Mimi hutoa macho kumi kwanza, kisha kumi baadaye.

Maswali ya wanachama

Mwanachama kutoka Lamu: Shikamoo Bi. Nyumba ninayofanyia kazi haina friji ya kutegemewa. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Acha macho, kwa sababu yogati haina subira. Buibui, chonge na vidole havitakusumbua, mradi kucha uzibandike kwa siagi ya karanga badala ya yogati. Ukitaka kuongeza baridi, weka bakuli la chakula ndani ya bakuli kubwa zaidi lenye barafu, na barafu hiyo iwe ya maji safi ya kunywa hata kama hugusi chakula nayo.

Mwanachama: Nimeona minyoo ya peremende dukani. Je, naweza kuitumia kwa wageni Waislamu?

Soma pakiti kwanza, dadangu. Minyoo hiyo mara nyingi hushikizwa kwa jelatini, ambayo huweza kutokana na nguruwe au ng'ombe, na pakiti isiyosema ni ya nini mimi huirudisha rafuni. Chinagrasi, ambayo nayo hugandisha, hutokana na mwani na haina shaka, ila ni lazima ichemshwe, nasi tumeahidiana kutowasha jiko. Embe lililokaushwa, likikatwa nyuzi na kulowekwa kidogo katika maji ya ndimu, hujipinda lenyewe kama mnyoo.

Mwanachama: Watoto wa miaka mitatu watakuwepo. Kuna cha kuondoa?

Ondoa lozi na korosho nzima, karoti mbichi ngumu na vijiti vya meno, kwa sababu ya hatari ya kupaliwa na kuchomwa. Ukiweka zabibu mbichi, zikate kwa urefu mara nne. Wape mizimu na vipande vya tikiti.

Mwanachama: Mgeni wangu mmoja hudhuriwa na karanga, lozi na korosho. Kubadilisha kucha pekee kunatosha?

Hakutoshi. Kucha iwe ya pilipili hoho nyekundu, tende zijazwe jibini, siagi ya karanga isiingie kabisa jikoni siku hiyo, na ubao na kisu vioshwe kwa sabuni kabla ya kuanza. Umjulishe mgeni mwenyewe kila kilichomo.

Mwanachama: Shemeji anataka kamba wabichi wenye ndimu, anasema ndimu huwaivisha.

Ndimu hugeuza rangi na ugumu wa nyama, lakini haiui vijidudu kama moto unavyoua. Mwambie shemeji sinia hili halina kamba. Akisisitiza, tumia samaki wa kopo ndani ya vikombe vya tango.

Mwanachama: Mwaka jana nilichonga ubongo, lakini ulitoa maji na kufurika mezani.

Tikiti lililochongwa hutoa maji, halina dawa. Weka chekecheo pana juu ya sinia lenye kina, utandike kipande cha jani la mgomba lililooshwa na kutobolewa, kisha ukalishe ubongo juu yake. Maji yatachuruzika chini polepole, mekundu na matamu. Yahamishie kwenye gilasi ndogo zilizotoka kwenye baridi, ukamulie ndimu, na uwaache wageni wenyewe waulize ni nini.