Namna ya Kutunga Maswali ya Mieleka Bila Kuvunja Urafiki

Swali lililonifundisha kazi hii ndilo lililoniaibisha. Nilikuwa nimewaandalia marafiki chemsha bongo ya mieleka, karatasi mkononi, kifua mbele, nikauliza: "Nani alimvua Bob Backlund mkanda wa WWF?" WWF ni shirika la mieleka la Marekani ambalo leo linaitwa WWE, na mkanda wake ndio ubingwa. Jibu langu lilikuwa The Iron Sheik, Desemba 26, 1983, Madison Square Garden, usiku ambao meneja wa Backlund, Arnold Skaaland, alirusha taulo ulingoni wakati Backlund mwenyewe hajakubali kushindwa. Mzee mmoja aliyekuwa kimya tangu mwanzo akakohoa kidogo, akasema, "Antonio Inoki. Tokushima, Japani, Novemba 1979."

Nikamwambia amekosea. Hakuwa amekosea. Inoki alimshinda Backlund kweli Novemba 30, 1979, ila WWF hawakuutambua ushindi huo, na mpaka leo WWE wanauhesabu ubingwa wa Backlund kuwa mmoja usiokatika, kuanzia Februari 1978 hadi siku ya lile taulo. Mchezo ukavunjika palepale. Nusu ya watu walikuwa upande wa mzee, nusu upande wangu, na soda zikaisha tukiwa bado kwenye swali la nne.

Tangu siku hiyo nina utaratibu wangu.

Daftari la safu mbili

Chukua daftari, kila ukurasa upige mstari katikati. Kushoto andika kilichotangazwa. Kulia andika kilichotokea. Mieleka ndio mchezo pekee ninaoujua ambao safu hizo mbili zinaweza kupingana, na kila moja ikawa na watu wake walio tayari kuapa. Anayetunga maswali bila kujua yuko safu ipi anatafuta ugomvi.

Tuanze na mwanamieleka Kamala. Kushoto: jitu kutoka Uganda, miguu pekupeku, uso na tumbo vimechorwa, haongei lugha ya mtu yeyote. Kulia: James Harris, mzaliwa wa jimbo la Mississippi, Marekani. Mimi nilimwamini Kamala kwa miaka, na siku niliyoambiwa ni Mmarekani nilihisi nimeibiwa kitu. Ivan Koloff, kushoto Mrusi, kulia Mkanada. Yokozuna aliletwa kama mtu wa Japani, kumbe ni Mmarekani mwenye asili ya Samoa. Kofi Kingston aliingia WWE akitangazwa kuwa Mjamaika, hata lafudhi akaigiza, ilhali alizaliwa Ghana. Na ni Kofi huyohuyo aliyemlaza Daniel Bryan katika WrestleMania 35, onyesho kubwa la kila mwaka la WWE, Aprili 7, 2019, akawa bingwa wa kwanza wa WWE aliyezaliwa Afrika.

Kwa hiyo ukiuliza "Kamala alitoka wapi?" umejiletea kesi. Uliza "alitangazwa kuwa anatoka nchi gani?" au "alizaliwa nchi gani?"

Tarakimu nazo zina safu zake. WrestleMania III, Machi 29, 1987, Pontiac Silverdome: ilitangazwa kwamba watazamaji walikuwa 93,173. Mwandishi Dave Meltzer ameshikilia miaka nenda rudi kwamba walikuwa kama 78,000. Mimi idadi ya watazamaji siiulizi tena. Na urefu wa mtu usiuulize kabisa. Kwenye mieleka hakuna aliyewahi kupimwa na mtu asiyekuwa na tiketi za kuuza.

Taja kitabu cha nani

Aprili 20, 2025, Las Vegas, John Cena alimshinda Cody Rhodes, WWE wakatangaza kwamba huo ni ubingwa wake wa dunia wa 17, amempita Ric Flair mwenye 16. Sasa hiyo 16 ya Flair ni hesabu ya WWE. Wapo wanaomhesabia zaidi ya 20, kwa sababu enzi za NWA, muungano wa mapromota wa mieleka, bingwa alikuwa msafiri, na mara nyingine mkanda ulibadili kiuno ugenini kisha ukarudishwa kimyakimya kabla hajapanda ndege. Dawa yake ni kuongeza maneno "kwa hesabu ya WWE" mwishoni mwa swali. Yanachosha kuyasoma, lakini yangeniokoa mbele ya yule mzee.

Ogopa pia "wa kwanza" na "kila". Nani alishinda Royal Rumble ya kwanza, lile pambano la watu wengi ambamo anayebaki wa mwisho ulingoni ndiye mshindi? Jim Duggan, Januari 1988, Hamilton, Kanada. Lakini hiyo ilikuwa ya watu 20. Ya watu 30, hii tuliyoizoea, ilianza 1989 na mshindi akawa Big John Studd. Anayekujibu Studd anajua mieleka, umemtega tu kwa swali la kivivu.

Neno "kila" ndilo lililozaa swali langu ninalolipenda kuliko yote. Undertaker alianza na Jimmy Snuka katika WrestleMania VII, mwaka 1991, akaenda hadi ushindi wa 21 katika WrestleMania 29 bila kupoteza hata mara moja, mpaka Brock Lesnar alipomkalisha New Orleans, Aprili 6, 2014. Uliza: kutoka VII hadi 29 kuna WrestleMania ngapi? Watu watahesabu vidole, watasema 23. Haya, mbili zimekwenda wapi? Chumba kinanyamaza. Hakupigana 1994 wala 2000. Ukiona wanaanza kubishana wao kwa wao kuhusu 1994, swali limefaulu. Wewe kaa kimya, kunywa maji.

Swali liwe na hadithi nyuma yake

Mtu akikosa jibu, awe na hamu ya kusikia ilikuwaje. Tarehe tupu haimpi mtu hamu hiyo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo utamu ulipo.

Uliza: "Kwa hesabu ya WWE, Ted DiBiase amekuwa bingwa wa dunia mara ngapi?" Watu wa umri wangu watasema mara moja, maana walimwona na mkanda. Jibu ni sifuri. Februari 5, 1988, Indianapolis, Hulk Hogan dhidi ya Andre the Giant, pambano lililoonyeshwa bure kwenye televisheni ya Marekani na kutazamwa, inasemekana, na watu milioni 33. Andre anamlalia Hogan, bega la Hogan liko juu waziwazi, jambo linalopaswa kusimamisha hesabu, refa anaendelea kuhesabu kama kipofu. Moja, mbili, tatu. Andre anapewa mkanda na papo hapo anamkabidhi DiBiase, tajiri aliyemlipa. Kisha anatokea refa wa pili mwenye sura ileile, nywele zilezile! Kushoto kwenye daftari langu: mtu aliyelipwa akafanyiwa upasuaji wa uso ili afanane na refa Dave Hebner. Kulia: Earl Hebner, ndugu yake pacha wa kuzaliwa. Viongozi wakakataa mauziano hayo, mkanda ukabaki hauna mwenyewe, na mashindano ya WrestleMania IV yakampa Randy Savage, ambaye fainali alimshinda DiBiase huyohuyo.

Halafu unapiga swali la pili papo hapo, watu bado wanacheka: "Earl Hebner huyu, miaka tisa baadaye alitoa ishara gani iliyobadilisha mieleka?" Kengele. Novemba 9, 1997, Montreal. Bret Hart, bingwa anayekaribia kuhamia WCW, shirika pinzani, amebanwa miguu na Shawn Michaels kwa mbinu ya Bret mwenyewe, Sharpshooter. Bret hajakubali kushindwa. Vince McMahon yuko kando ya ulingo, anaamuru kengele igongwe, inagongwa, na Michaels anatangazwa bingwa mbele ya umati wa Kanada unaozomea.

Siku hiyo daftari langu lilinishinda. Kushoto: Bret alisalimu amri. Kulia: hakusalimu, alidanganywa, maana matokeo ya mieleka hii hupangwa kabla, na kengele hiyo yeye hakuambiwa. Lakini mbona udanganyifu wenyewe ulikuwa wa kweli, na mate aliyomtemea McMahon usoni yalikuwa ya kweli? Ukurasa ule una mishale kila upande, na mpaka leo sijaunakili upya. Ukiuliza kuhusu Montreal, uliza kuhusu watu: nani alikuwa refa, nani aliondoka na mkanda. Swali la "nani alishinda" liache, utapoteza usiku mzima.

Rudi kwenye mkanda wa video

Kumbukumbu ya shabiki ni mwongo mwenye adabu. Kwa miaka mingi ningeapa kwamba lile pambano la Juni 28, 1998, Pittsburgh, Undertaker alipomtupa Mankind kutoka juu ya kizimba hadi kwenye meza ya watangazaji, ndilo lililofunga usiku. Nikaenda kulitazama upya kabla ya kuliandikia swali. Halikuwa la mwisho. Lililofunga lilikuwa Kane dhidi ya Steve Austin, anayetoka damu kwanza ndiye aliyeshindwa, na Kane akachukua mkanda. Alikaa nao siku moja. Kesho yake Austin akaurudisha.

Kosa langu nikaligeuza swali: "Usiku Mankind alipotupwa kutoka juu ya kizimba, nani aliondoka bingwa?" Wengi watasema Undertaker, wengine Austin. Kila ukigundua ulikuwa umekosea, usikasirike, andika. Wenzako nao walikosea hivyohivyo.

Mengine kwa haraka

Toka nje ya WWE. Ukiuliza WWF ya miaka ya 90 tu, watoto wa enzi hiyo watawaburuza wengine. Weka Frank Gotch na George Hackenschmidt, Chicago, 1908, zaidi ya saa mbili ulingoni. Weka El Santo wa Meksiko, aliyezikwa na kinyago chake mwaka 1984. Weka Inoki na Muhammad Ali, Tokyo, Juni 26, 1976, raundi 15, sare. Kisha uliza Ali alifanya nini WrestleMania ya kwanza, 1985. Alikuwa refa wa pembeni katika pambano ambalo Hogan na Mr. T walikuwa upande mmoja.

Tofautisha watu na majina. Royal Rumble ya 1998 Mick Foley aliingia mara tatu, kama Cactus Jack, Mankind na Dude Love. Ukiuliza "wangapi waliingia", utakoma.

Kifo cha Owen Hart, Mei 23, 1999, Kansas City, sikiulizi. Ushindi wake nauliza, alivyomshinda kaka yake Bret mwanzoni mwa WrestleMania X nauliza, lakini kile hapana.

Kanuni ya pingamizi isomwe kabla ya kuanza: anayepinga jibu anapewa nafasi ya kueleza mara moja, na akileta ushahidi siku inayofuata alama yake inarudi. Yule mzee nilimrudishia yake.

Wakifungana mwishoni, tumia swali la kukaribia, kila mtu aandike kwenye karatasi yake bila kuchungulia. Langu ni hili: Mei 17, 1963, Bruno Sammartino alitumia sekunde ngapi kumshinda Buddy Rogers na kuanza ubingwa uliodumu siku 2,803? Aliye karibu zaidi na 48 anachukua ushindi.