Kuweka methodi bandia inayoitwa ndani ya konstrakta (Python)

Jaribio langu lilikuwa linapita vizuri kazini. Nikifika nyumbani bando limeisha, linagoma. Kumbe kila mara lilikuwa linaingia mtandaoni, ingawa methodi bandia (mock, yaani ya kuigiza inayoshika nafasi ya methodi halisi wakati wa jaribio) nilikuwa nimeshaiweka. Klasi yenyewe:

```python
class Ankara:
    def __init__(self, sarafu):
        self.kiwango = self._pakia_kiwango(sarafu)

    def _pakia_kiwango(self, sarafu):
        return mtandao.soma(sarafu)

    def kwa_shilingi(self, kiasi):
        return kiasi * self.kiwango
```

Nilitengeneza obyekti kwanza, ndipo nikaibandika bandia juu yake. Nimechelewa: konstrakta, yaani `__init__` inayoendeshwa obyekti inapotengenezwa, ilishamaliza kazi na kiwango cha kubadilishia sarafu kilishasomwa. Bandia ikakaa pale bila kuitwa na yeyote.

Hatua ya 1. Bandika kwenye klasi, kabla obyekti haijazaliwa. Python ikikosa `_pakia_kiwango` kwenye obyekti, huitafuta kwenye klasi, na hapo itakutana na bandia yako. Hakuna cha kusakinisha, `unittest.mock` inakuja na Python tangu toleo la 3.3.

```python
from unittest.mock import patch

def test_kwa_shilingi():
    with patch.object(Ankara, "_pakia_kiwango",
                      autospec=True,
                      return_value=2500) as bandia:
        ankara = Ankara("USD")

    assert ankara.kwa_shilingi(4) == 10000
    bandia.assert_called_once_with(ankara, "USD")
```

Hatua ya 2. Usiiache `autospec=True`. Bila hiyo bandia haipokei `self`, tena inameza hoja zozote utakazoitupia, hata ambazo methodi halisi haizijui. Ukiiweka, hoja zisizolingana zinarusha `TypeError`, na `self` inapokelewa kama hoja ya kwanza. Ndiyo maana kwenye mstari wa mwisho `ankara` imetangulia "USD".

Hatua ya 3. Angalia mahali `with` inapoishia. Ukitoka, methodi halisi inarudi. Hapa haina neno, maana 2500 imeshahifadhiwa kwenye obyekti. Kama kuna methodi nyingine inayopakia kiwango upya, nayo iite ndani ya `with`.

Kuna wanaoibadilisha `__init__` nzima. Ukiweka `MagicMock` (bandia ya kawaida ya `unittest.mock`) tupu utapata `TypeError`, kwani `__init__` lazima irudishe `None`. Ukiipa `return_value=None` inapita, ila obyekti inatoka tupu, hata `kiwango` haina.

Nikiruhusiwa kuigusa klasi, mimi huibadilisha konstrakta ipokee kiwango chenyewe, anayeiita ndiye aende mtandaoni. Jaribio linabaki `Ankara(2500).kwa_shilingi(4)`, basi.