Kuondoa nyama iliyokufa kwenye kidonda: njia ipi, wakati gani

Kabla hujashika kisu, shika mguu. Hilo huwa neno langu la kwanza kwa wauguzi wapya wanaokuja kujifunza kwenye chumba cha vidonda ninakofanya kazi hapa Nairobi. Nyama iliyokufa huvuta jicho, na mkono hutamani kuiondoa papo hapo. Lakini njia ya kuiondoa haichaguliwi kwa rangi ya kidonda tu. Inategemea damu inayofika pale, na kama mgonjwa ana muda wa kungoja.

Nimewaandikia wauguzi na matabibu wa zahanati. Kama unamuuguza mzazi nyumbani, soma ili ujue cha kuuliza kliniki, ila kisu na makasi waachie waliofunzwa.

Hatua ya 1: Tazama kidonda, msikilize mwenyewe

Osha kwa salaini (maji safi ya chumvi ya hospitali) kwanza, ndipo uangalie. Gamba jeusi, gumu kama ngozi ya kiatu, ni tishu iliyokufa ikakauka. Utando wa njano au wa kijivu unaoteleza nao ni tishu iliyokufa, ila umelowa. Wengi huudhania usaha. Nyekundu yenye chembechembe ni nyama mpya, hiyo usiiguse.

Kuna njano nyingine ya kuogopa. Kano huwa linang'aa, lina nyuzi zilizolala upande mmoja. Ukitilia shaka, mwambie mgonjwa akunje kidole cha mguu huku umeinama unatazama. Kitu kile kikisogea, weka makasi chini. Nimeshuhudia kano likikatwa kwa kudhaniwa utando, na kidole hakikuinuka tena.

Muulize kama ana kisukari, kama anatumia warfarini au dawa nyingine ya kufanya damu iwe nyepesi, na lini alidungwa sindano ya pepopunda. Muulize pia kidonda kilianzaje. Kidonda chenye ukingo wa zambarau na maumivu makali mno, ambacho kila kikikatwa kinapanuka, mpeleke kwa daktari wa ngozi. Huenda ni pyoderma gangrenosum, ugonjwa ambao kisu huuchochea.

Hatua ya 2: Tafuta damu

Weka vidole viwili juu ya mguu, kwenye mstari wa kati ya kidole gumba na cha pili, utafute mapigo. Kisha nyuma ya kifundo, upande wa ndani. Linganisha miguu yote miwili. Kama kuna doppla (kifaa cha kusikilizia mtiririko wa damu), gawa presha ya kifundo kwa presha ya mkono. Kati ya 0.9 na 1.3 ni kawaida. Chini ya 0.5, damu imepungua vibaya. Juu ya 1.3 kwa mgonjwa wa kisukari usifurahie: mishipa imekuwa migumu haibanwi na mashine, kwa hiyo namba hiyo inadanganya.

Miaka ya nyuma nikiwa kituo kingine, tulimpokea mzee kutoka Kayole mwenye gamba jeusi kisiginoni. Lilikuwa kavu, limeshika pande zote, halina harufu. Tulilitoa, na kazi ilionekana safi. Hakuna aliyekuwa amegusa mapigo. Chini ya gamba hakukuwa na damu ya kujenga chochote, mfupa ukajitokeza, na mwishowe mzee alikatwa mguu chini ya goti. Tangu siku hiyo sijawahi kuanza na kisu.

Basi shika hili: gamba kavu la kisiginoni, lisilocheza, lisilo na wekundu wala unyevu, liache. Ni kifuniko. Liweke kavu, weka mto chini ya shavu la mguu ili kisigino kielee bila kugusa godoro, na ulikague kila siku. Likilainika, likinuka au likizungukwa na wekundu, mwite daktari siku hiyo hiyo. Kidole kilichokauka kikawa cheusi nacho usikiloweshe wala usikikate. Mpeleke kwa daktari wa mishipa ya damu.

Hatua ya 3: Je, kuna muda?

Wekundu unaosambaa saa baada ya saa, malengelenge, ngozi inayogeuka zambarau, hewa inayokwaruza chini ya vidole ukibonyeza, homa, kuchanganyikiwa, maumivu yaliyozidi kidonda chenyewe: huyo ni wa chumba cha upasuaji leo. Anahitaji dawa ya kuua bakteria kupitia mshipa, na daktari mpasuaji. Ukimwambia arudi Jumatatu, unaweza kumpoteza. Hapa hata mguu wenye damu haba hausubiri, kwa sababu maambukizi yanaua haraka kuliko ukosefu wa damu.

Hatua ya 4: Chagua njia

Kama hakuna haraka, njia ya upole kabisa ni kuuachia mwili uyeyushe tishu zake wenyewe. Wewe unaupa unyevu tu: jeli kwa kidonda kikavu, haidrokoloidi (bandeji inayotunza unyevu) kwa chenye maji kidogo. Huchukua siku hadi wiki kadhaa. Huwafaa wazee wasiostahimili maumivu. Usikifunike namna hiyo kidonda chenye maambukizi. Mweleze mgonjwa mapema kwamba siku za mwanzo maji na harufu vitaongezeka, la sivyo atafikiri umemharibia. Asali hufanya kazi hii vizuri, lakini iwe ya matibabu, iliyosafishwa kwa mionzi. Asali ya Kitui au Baringo ni tamu kwa chai. Kwenye kidonda inaweza kuingiza mbegu za bakteria.

Kuosha kwa msukumo kunafaa utando uliolegea. Sirinji ya mililita 35 yenye sindano ya geji 19 hutoa msukumo wa kama psi 8 (psi ni kipimo cha msukumo), nao unaotakiwa ni kati ya 4 na 15. Tumia salaini yenye joto la mwili, na uvae miwani na aproni. Ile desturi ya kuweka gozi (kitambaa chepesi cha kidonda) iliyoloweshwa, kuiacha ikauke na kuibandua, naomba tuiache. Nilikuwa namsikia mama mmoja akilia tangu kwenye benchi, kabla hata hajaitwa. Gozi ile ilikuwa inang'oa utando pamoja na nyama mpya aliyoijenga wiki nzima.

Vimeng'enya kama kolajenasi huyeyusha tishu iliyokufa polepole. Ni ghali, na dawa yenye madini ya fedha au ayodini ikiwa kwenye kidonda hicho, nguvu yake hupungua. Papai la kupondwa usiweke: mwaka 2008 hata dawa za kupaka zenye papaini (kimeng'enya cha papai) ziliamriwa kuondolewa sokoni Marekani, baada ya wagonjwa kupata mzio mkali.

Funza wa inzi Lucilia sericata waliruhusiwa kwa tiba Marekani mwaka 2004. Hula kilichokufa kwa siku mbili au tatu. Hao huzalishwa maabara bila vijidudu. Funza walioingia wenyewe kidondani watolewe.

Hatua ya 5: Ukitumia kisu

Njia hii ni ya haraka, na ndiyo ninayoitumia zaidi kwa vidonda vya kisukari vyenye damu nzuri. Mpe paracetamol saa moja kabla. Paka krimu ya ganzi, funika, ngoja dakika 30 hadi 60. Usikate kabla ganzi haijashika eti kwa kuwa foleni ni ndefu. Taa iwe kali, nawe uketi.

Shika ukingo wa tishu iliyokufa kwa koleo, uinue mpaka uone ilikoshikilia. Laza ncha ya makasi au kisu sambamba na kidonda, ukate tabaka jembamba. Usivute usichokiona nyuma yake. Ondoa pia sugu iliyozunguka kidonda cha unyayo, kwani huongeza mgandamizo na kuficha ukubwa halisi.

Acha mara moja ukiona kano, mfupa au mshipa, mgonjwa akiumia, au damu ikianza kutiririka. Bora ubakize utando mwembamba kwa ziara ijayo. Damu ikitoka, kandamiza kwa gozi dakika 10 bila kufunua kuchungulia.

Hatua ya 6: Kabla hajatoka mlangoni

Pima urefu, upana na kina upya, uandike. Kidonda kitaonekana kikubwa kuliko alivyokuja nacho, kwa hiyo mwonyeshe na umweleze: "Mama, hiki ndicho kidonda chenyewe, kile cha mwanzo kilikuwa kimefunikwa." Funga bandeji isiyoshika kidonda.

Halafu mweleze habari ya usiku. Bandeji ikilowa damu, alale, ainue mguu, mtu wa nyumbani aibane kwa kiganja dakika 10. Isipokoma, wampeleke hospitali usiku huo huo, wasingoje matatu ya asubuhi.