Kuvua na mshipi Lighthouse Mombasa bila kumnasa mtu

Jumapili nilimpeleka mpwa wangu Lighthouse akajifunze kuvua, nikaona niandike kabisa manake kila mtu huniuliza maswali yale yale.

1. Angalia maji. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji hujaa na kupwa kupita kawaida, na jiwe ulilosimama kavu saa nne asubuhi, alasiri limeshafunikwa. Siku hizo vua kutoka juu, usishuke miambani.

2. Vifaa: mshipi wa mkono, chubwi (ile risasi ya kuzamisha mshipi), ndoana ndogo, chambo cha kamba wa baharini au ngisi, na koleo. Fimbo ya kuvulia mi siipendi pale, vijana mtanisamehe, inataka nafasi nyuma na nyuma yako jioni kuna watu wanakula mihogo.

3. Bana ndoana. Hapa msiruke! Kile kijimwiba kinachoangalia nyuma kibane kwa koleo mpaka kilale kabisa, ukipitisha kwenye kitambaa kisinase. Utaambiwa samaki atachomoka, hachomoki ukiweka mshipi umekaza. Mi nilikuwa mbishi hivyo hivyo, siku moja nikazungusha mshipi kichwani kama nafukuza ng'ombe, ndoana ikamwingia mdogo wangu begani, na ile miwiba ndo kazi yake kutotoka. Tukajaribu kuvuta, tukaizamisha zaidi, mtoto analia, chambo bado kinaning'inia, watu wametuzunguka kila mtu daktari. Tukaishia kukaa foleni hospitali toka saa kumi na moja mpaka saa nne usiku.

Ikiwa imebanwa hutoka kwa njia ile ile iliyoingilia, halafu osha kwa maji na sabuni na ukaulizie sindano ya pepopunda. Lakini karibu na jicho, shingoni, au kwenye kiungo cha kidole usiguse, iwe imebanwa au haikubanwa. Kata mshipi, acha ndoana ilivyo, nenda hospitali. Na ndoana za matawi matatu usije nazo pale kabisa, tawi moja likitoka lingine linaingia.

4. Kurusha. Geuka uangalie nyuma KILA mara, hata kama umeangalia sasa hivi, watoto hawana breki. Rusha kwa chini, mkono usipite bega.

5. Samaki. Tafi mshike na kitambaa, miiba yake ina sumu na maumivu yake utayakumbuka. Bunju, yule anayejivimbisha, mrudishe baharini, sumu yake haiishi kwa kupikwa. Vichangu vya kidole pia rudisha, vile si kitoweo.

6. Mshipi ukinasa mwambani vuta polepole toka pembeni, ukikatika kusanya ulichopata utie kwenye chupa tupu. Nailoni haiozi, na kasa wanapita pale.

Mpwa wangu karudi na changu wawili na chupa imejaa, nusu yake mishipi ya watu wengine.