Kubadilisha oili ya difu nyumbani: anza na nati ya juu

Somo hili linahusu difu ya nyuma ya magari kama HiAce na Hilux, yaani lile bonge la chuma lililo katikati ya ekseli, ambalo hupokea mzunguko wa propela na kuugawa kwa magurudumu mawili. Wenye magari wengi hapa Mombasa huifuatilia sana oili ya injini, lakini difu huisahau mpaka ianze kulia. Pwani, kusahau huko hugharimu zaidi. Masika yanapojaza maji barabarani, ekseli iliyopata moto huzama ghafla katika maji baridi, hewa iliyomo ndani husinyaa, na ikiwa kipumulio, yaani kitundu cha kupitishia hewa, kimezibwa na tope, difu huvuta maji kupitia sili, zile pete za mpira zinazozuia oili isivuje.

Tayarisha oili ya gia ya daraja la GL-5, uzito wa 80W-90, ambayo inatosha kwa joto letu. Magari mengi ya aina hii huchukua kati ya lita 2 na 3, lakini kipimo kamili kimo katika kitabu cha gari lako. Nunua pia washa (pete bapa za kuzibia) mbili mpya za nati, na uwe na karai, matambara, pampu ya mkono yenye mpira mrefu, na spana inayoingia sawasawa. Katika Toyota nyingi ni spana ya 24 au alenki (spana ya pembe sita inayoingia ndani ya nati) ya milimita 10.

Hatua ya kwanza. Liendeshe gari kwa dakika 15 hivi ili oili ipate vuguvugu na kuwa nyepesi. Liegeshe mahali palipo sawa, vuta breki ya mkono na uzuie magurudumu ya mbele kwa mawe. Ikiwa ni lazima ulinyanyue, linyanyue mbele na nyuma kwa kimo kimoja na ulilaze juu ya stendi. Jeki peke yake si kitu cha kumfanya mtu alale chini ya gari, hata kwa dakika moja.

Hatua ya pili ndiyo ninayoisisitiza kuliko zote: fungua nati ya juu ya kujazia kabla hujaigusa ile ya chini ya kumwagia. Mara yangu ya kwanza nilianza na ya chini. Oili ikamwagika yote, kisha nikagundua kwamba nati ya juu imeshikwa na kutu ya chumvi na haisogei. Gari lilikaa uani siku mbili bila oili, haliwezi kwenda hata kwa fundi. Ikiwa nati ni ngumu, isugue kwa brashi ya waya, ipulizie dawa ya kutu, na uiache usiku kucha. Usiilazimishe kwa spana iliyolegea, kwa kuwa ukishazila pembe zake kazi itakuwa ya kuchomelea.

Hatua ya tatu. Weka karai, fungua nati ya chini na uiache oili ishuke mpaka ibaki matone yaliyoachana. Kisha itazame ile nati, kwa kuwa nyingi zina sumaku kwenye ncha. Utakuta uji wa kijivu, laini kama masizi yaliyochanganywa na mafuta. Huo ni uchakavu wa kawaida, ufute tu. Lakini ukikuta vipande vinavyochoma kidole, au kipande cha jino la gia, usijaze oili mpya ukidhani umeponya: difu hiyo inahitaji kufunguliwa.

Hatua ya nne. Rudisha nati ya chini na washa mpya, uikaze kwa kipimo cha kitabu, kisha pampu oili kupitia tundu la juu mpaka ianze kuchuruzika yenyewe. Kidole kikiingizwa tunduni hapo kiguse oili kwenye ukingo. Subiri ichuruzike iishe, funga, na usafishe kipumulio kilicho juu ya ekseli. Siku ya pili chungulia kama kuna unyevu kwenye nati.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Mtwapa: Mwalimu, shikamoo. Oili yangu imetoka na rangi ya chai ya maziwa. Nifanye nini?

Jibu: Marahaba. Hayo ni maji. Jaza oili mpya, endesha siku chache, kisha uimwage tena, kwa kuwa mara moja haitoi maji yote. Ikirudi na rangi ileile, kagua sili na kipumulio kabla ya kununua oili nyingine.

Mwanachama wa Changamwe: Oili iliyobaki naweza kuitia kwenye giaboksi ya mkono?

Jibu: Usiitie mpaka kitabu kiseme. Giaboksi nyingi za mkono zina ringi za shaba nyeupe au njano zinazosaidia gia kuingia, na dawa za salfa zilizo nyingi katika GL-5 zinaweza kuzidhuru, ndiyo maana nyingi huandikiwa GL-4. Vilevile, ikiwa difu yako ni ya kujifunga, yaani inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure, oili yake ni ya pekee na hutajwa kwa jina katika kitabu.

Mwanachama wa Likoni: Nina Probox isiyo ya magurudumu manne, sioni difu nyuma.

Jibu: Haipo, ndugu yangu. Gari lako huvutwa na magurudumu ya mbele, na difu imo ndani ya giaboksi.

Mwanachama wa Kisauni: Nibadilishe baada ya muda gani, na oili chafu niipeleke wapi?

Jibu: Mimi hubadilisha kila kilomita 40,000, na kila 20,000 kwa gari la mizigo. Baada ya kupita maji yaliyofika ekseli, huikagua wiki hiyohiyo. Oili chafu irudishe katika madebe iliyonunuliwa nayo na uyapeleke kwenye gereji inayokusanya oili kuukuu. Usiimwage mtaroni, kwa kuwa mitaro ya kisiwa chetu huishia baharini, tunakovua samaki.